Kidonge na Daku

Wazee wetu walipofariki niliacha skuli, nikawalea wadogo zangu kwa kushona kofia nyumbani kwetu Malindi. Kuinama kulinikaza shingo hata usingizi ukapotea. Daktari alinipa vidonge vya kulegeza misuli, lakini sikuvimeza. Alisema vinaleta usingizi mzito, na Ramadhani ilikuwa imeingia. Nani angewaamsha wadogo kula daku?

Jioni moja baada ya kufuturu nilishindwa kugeuza kichwa. Mdogo wangu wa kike akaniletea gilasi ya maji.

"Meza, dada. Daku ntapika mie."

"Utaunguza."

"Basi tutakula ukoko."

Nikameza. Aliponiamsha, ukoko ulikuwa mwingi kuliko wali. Niligeuza shingo kumtazama, ikageuka. Asubuhi nilishika sindano, na usiku wake nikameza kidonge kingine bila kuambiwa.