Mchungwa wa Dirisha la Jiko

Pale ghalani walimwita Mizani, na jina hilo hakupewa bure. Kwa miaka kumi na tisa alisimama mbele ya meza ya kupangia machungwa, akinyanyua moja moja, na kiganja chake kilijua lipi limejaa maji na lipi ni ganda tupu. Ugonjwa ulipoingia, kiganja hicho ndicho kilichojua kwanza. Machungwa yalianza kuja mepesi, yamepinda upande, kitako kimebaki kibichi kama vile hayakuambiwa kwamba msimu umefika. Alionja moja, akatema. Msimamizi akasema ni ukame. Wasimamizi ndivyo walivyo, wana jibu kabla ya swali.

Miaka mitatu baadaye mashamba yote ya bondeni yalikuwa kuni. Ghala likageuzwa la kuwekea saruji, na Mizani akabaki humo humo, safari hii akifagia. Mumewe, hodari wa kupogoa, hakuwa tena na cha kupogoa. Akaenda kutafuta kazi mbali, kwenye mashamba ya watu ambako ugonjwa haujafika. Siku ya kuondoka alisimama chini ya mchungwa walioupanda wiki ya harusi yao, ule ulioziba dirisha zima la jiko.

"Huu ukiwa mzima, mama watoto," akasema, "nitajua na wewe u mzima."

Sasa ni mwaka wa nne. Kila Jumapili hupiga simu, na baada ya salamu huuliza, "Mti wetu?"

"Mzima. Umejaa maua."

Uongo mtupu. Lakini hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu mumewe awe na kitu cha kumrudisha. Watoto wote walishaondoka kwenda kwenye nyumba zao, kitanda kilikuwa kikubwa mno kwa mtu mmoja, na kuna jioni alimtamani mwanamume yule mpaka akaenda kunusa mkasi wake wa kupogolea, uliobaki umetundikwa nyuma ya mlango.

Jirani yake, nesi mstaafu, alikuwa amepanda miche thelathini safi nyuma ya nyumba. Asubuhi moja alikuja na kalamu. Akachuma jani la mchungwa ule, akachora duara upande mmoja wa mshipa wa kati, na jingine upande wa pili, mkabala nalo.

"Tazama mwenyewe, dada. Jani lenye njaa ya mbolea hufanana pande zote mbili. Hili, huku njano, huku kijani. Ni ugonjwa ule ule."

Mizani akaligeuza jani lile kiganjani.

"Vidudu vinafyonza hapa, kisha vinarukia kwangu. Sikuja kukulazimisha. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kwani nimemficha nani?" Mizani akamjibu kwa ukali, kisha akaingia ndani akalia, maana alijua vizuri amemficha nani.

Jumamosi waliukata, yeye na nesi, kila mmoja ameshika upande wake wa msumeno. Jumapili simu ikalia.

"Mti wetu?"

"Nimeukata jana. Uliugua tangu mwaka ule wewe ulipoondoka."

Mizani akaibana simu sikioni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa. Nilisema ukisikia mti umekufa, utarudi kufuata nini?"

"Mama watoto. Mimi kila nikifunga mzigo nije, nasikia mti una maua. Najiambia, huyu mambo yake yamenyooka, hanihitaji, nikirudi nitakuwa mdomo wa kulishwa tu. Nafungua mzigo."

"Umefunga mara ngapi?"

"Mara tatu."

Mizani akashika ukingo wa meza. Mara tatu! Na mara zote tatu ni yeye, kwa ulimi wake mwenyewe, aliyemfungulia mzigo ule.

"Hicho kisiki kitachipua," mumewe akasema. "Usikiguse, kitakuumiza mgongo. Nakuja kukitoa."

Alipoweka simu chini, aliona jikoni mna mwanga asiouzoea. Kule nje, pale palipokuwa na majani, barabara yote ilionekana mpaka kwenye kona. Akavuta kigoda akaketi dirishani, ingawa alijua fika kwamba safari yenyewe ni ya siku mbili.