Mshambuliaji Aliyekimbilia Kona

Shule niliiacha kidato cha pili, maana dirisha lilinivutia kuliko ubao. Uchunguliaji huohuo ndio ulionifanya mshambuliaji wa mpira wa Kiairishi huko Guangzhou, China.

Nilipanga chumba mtaa wa Sanyuanli, na kazi yangu ilikuwa kumbebea majora ya vitambaa mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi sokoni Zhongda. Jumapili moja niliwakuta Waairishi, wengi wao walimu, wakicheza mpira ambao mtu anaudaka, anakimbia nao, anaupiga teke, na refa hasemi kitu. Nikauliza. Kumbe walipungukiwa mtu mmoja. Huo ndio ukawa usajili wangu.

Milingoti ya goli lao inapanda juu sana kupita mwamba. Mpira ukiingia wavuni ni pointi tatu. Ukipita juu ya mwamba, kati ya milingoti, ni moja. Mimi nimekulia mahali ambapo kupaisha mpira ni aibu. Basi miezi mitatu nilipiga chini tu, na makipa wakadaka kwa upole, kama wanapokea mayai.

"Juu, bwana!" alinisihi nahodha, mwalimu mwenye masikio mekundu.

"Juu ni kazi ya mabeki," nilimjibu.

Siku ya mechi na wageni kutoka Hong Kong uvumilivu ulimwishia. "Leo usipofunga, Jumapili ijayo unakaa golini."

Golini! Mtu mwenye miguu isiyotulia kama yangu!

Mlubumbashi alikuja kutazama na mfuko wake wa karanga. "Mon vieux, rafiki yangu, golini utapata fasi ya kulala."

Dakika ya mwisho tulikuwa sare. Nikapata mpira, hatua nne, nikaudundisha kama sheria yao inavyotaka, hatua nne tena, nikabaki na kipa. Nahodha akapayuka: "Juu!" Nikapiga kwenda wavuni. Kipa akajirusha, mpira ukamgonga vidole, ukapanda, ukapita juu ya mwamba, katikati ya milingoti.

Nikashika kichwa. Kisha nikakimbilia pembeni, nikaomba mpira, nikawaonyesha wenzangu pa kusimama. Walikuwa wakikumbatiana.

"Unafanya nini huko?" akauliza nahodha.

"Kona."

"Mchezo huu hauna kona! Hiyo ni pointi, tumeshinda!"

"Nilikusudia."

"Muone huyu!" Mlubumbashi alicheka mpaka karanga zikamtoka kinywani. "Anakusudia na vidole vya mwenzake!"

Ahadi ni ahadi, nikabaki mbele. Jumapili iliyofuata nilipaisha kwa makusudi, mpira ukapita mbali kabisa na milingoti. Nahodha alipiga makofi hata hivyo. Angalau ulikuwa juu.