Chokaa Ndani ya Mtu wa Mabati

Harufu ya chokaa mbichi hunichafua tumbo hadi leo. Wengine wakiisikia hukumbuka Idi, nyumba zikipakwa upya; mimi hukumbuka giza, samli iliyochacha, na mikono iliyowasha kama ya aliyeponda pilipili. Shule yetu ya msingi ilikuwa pembezoni mwa Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara, waliyopita wapagazi na pembe za ndovu mabegani kuelekea pwani. Miaka ile ya Ujamaa njia hiyo haikupitisha pembe tena; ilipitisha wageni rasmi. Na mgeni rasmi alipotangazwa, shule nzima iliingiwa na wazimu wa chokaa. Mawe ya bustani, mashina ya miti, kuta za choo, kila kisichoweza kukimbia kilipakwa. Choo kilinuka vilevile, ila sasa kilinuka kikiwa cheupe.

Mwalimu Kulwa, aliyetufundisha sayansi, alikuwa ameanzisha chama cha ufundi ili wanafunzi watengeneze mtu wa mabati atakayepanda karanga peke yake. Siku hizi mngemwita roboti. Nilipokwenda kujiunga, kiongozi wa chama, Masanja, kijana mrefu kutoka kijiji cha Choma aliyejua ng'ombe kuliko nati, alicheka mpaka akajishika kiuno. "Wewe Zuhura, kidole cha mwisho cha darasa, utashika nini? Hapa hatupiki ugali." Nikamwambia, "Lete hilo debe lenu linalovuja." Baba yangu alikuwa fundi bati mtaa wa Kanyenye, nami nilishika chuma cha kulehemu kabla sijashika kalamu. Nililiziba, nikalijaza maji, nikamtwika Masanja kichwani. Halikudondosha hata tone. "Haya, ingia chamani," alisema, shingo imekakamaa, "lakini kwanza nitue hili debe."

Kiwiliwili cha mtu wetu kilikuwa madebe makubwa ya samli, mkono ulikuwa bomba lenye jembe, na tumboni mlikuwa na mnyororo wa baiskeli. Gunia la mchanga lilipoteremka taratibu kwenye kamba, mnyororo ulizunguka, jembe likapanda na kushuka, na kopo dogo likatema punje ya karanga kwenye shimo. Kopo lile lilikuwa wazo langu, na nalisema wazi kwa kuwa hakuna mwingine aliyewahi kulisema. Baba aliniachia vipande vya bati huku akiguna: "Sufuria zina wanunuzi, mwanangu. Mtu wa bati atanunuliwa na nani?" Sikujali. Mwalimu mkuu alikuwa ametangaza kwamba mgeni akipendezwa, chama kizima kitapanda treni kwenda kwenye maonyesho ya Sabasaba, Dar es Salaam. Nilikuwa nimesikia honi ya treni maisha yangu yote bila kuwahi kukanyaga behewa. Nilianza kuota dirisha lake.

Asubuhi ya ugeni tulimkuta mtu wetu mweupe pe. Mwalimu mkuu alikuwa ameagiza apakwe chokaa naye apendeze, na darasa la tano walitii kwa uaminifu wote: walipaka mnyororo, wakapaka meno ya gurudumu lake, wakalipaka na kopo langu. Chokaa ilikuwa imeganda. Gunia lilining'inia, jembe halikutikisika. "Nipeni ndimu na brashi ya waya," nikasema, "nitaung'oa mnyororo niusafishe." Mwalimu mkuu alinigeukia. "Mgeni ameshatoka kukagua wodi za hospitali ya Kitete, yuko njiani, wewe unataka ndimu? Unapika pilau?" Kisha akanipima kwa macho kama mtu anayepima gunia. "Huyu anaenea humo." Mwalimu Kulwa alitazama viatu vyake. "Ingia, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo, "zungusha kwa mkono. Ni kitambo kidogo tu."

Niliingia. Chini ya debe chokaa ilikuwa bado mbichi, na ilipokutana na jasho langu ilianza kunila viganja. Mende walinipanda shingoni. Nilisukuma bomba juu, nikalishusha, nikadondosha karanga kwa vidole, na kupitia tundu dogo niliona tumbo la mgeni rasmi na mikono inayopiga makofi. "Ndugu wananchi, hii ndiyo sayansi ya kujitegemea!" alisema. "Vijana waliotengeneza mtambo huu wote waende Dar es Salaam. Ni akina nani?" Mwalimu mkuu akajibu bila kusita, "Ni hawa waliopanga mstari mbele yako, ndugu." Mimi sikuwa kwenye mstari. Nilikuwa kwenye samli. Nikagonga bati kwa ngumi, nikagonga tena kwa nguvu zangu zote. "Sikilizeni!" mgeni akapiga kelele kwa furaha. "Bado unataka kazi!" Umati ukashangilia.

Walikwenda bila mimi. Mwalimu mkuu alisema majina yamekwishapokelewa na mgeni, hayabadilishwi, kisha akaongeza mtoto wa kiume mdogo kuliko mimi wa kukaa ndani ya mabati. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwetu ilikuwa ndefu kama Reli ya Kati. Waliporudi na sifa zao, mtu wa mabati alitupwa nyuma ya jiko. Nilimkwangua kwa ndimu na brashi ya baba, nikatundika gunia, naye akapanda mstari mzima wa karanga, peke yake, tumbo tupu. Nilikimbia kumwita mwalimu mkuu. Hakuinuka kitini. "Achana nayo, Zuhura. Ile imeshamaliza kazi yake." Maneno yale yalinichefua kuliko mende.

Leo nina stashahada ya ufundi mitambo niliyoihangaikia ughaibuni bila mjomba wa kunisukuma, na nimerudi kufungua karakana Kanyenye ambayo asiyeijua ni mgeni wa mji. Mwaka jana shule moja ya hapa ilinialika kuangalia timu yao ya roboti. Mgeni rasmi, mimi! Nilishuka garini nikakuta mawe yote meupe. Roboti lao lilitembea hatua chache likakwama. Papo hapo makofi yakaanza, makofi yaleyale, na mwalimu mkuu wao akaninong'oneza, "Mama, twende kwenye chakula, wataliwasha baadaye." Niliinuka, nikapita juu ya mawe yao, chokaa ikaganda kwenye viatu vyangu, nikamwendea msichana aliyepiga magoti na bisibisi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Limekwama wapi?"

"Waya umechomoka. Lakini itachukua muda, mama."

Nikaagiza kiti changu kitolewe turubaini kiletwe hapo juani, kando yake. Pilau lilikuwa linapoa. Mwalimu mkuu aliendelea kutazama saa, nami nikamwambia aagize na kiti chake.