Nilivyokula Kunde za Kivuko, Boti Ikaenda kwa Wifi Yangu

Nimekosa. Nalisema mapema kabla sijaanza kujitetea, maana nikianza kujitetea mimi, hakuna wa kuniweza. Boti ya mashine ambayo kijiji chetu kilikuwa kiipate miaka ile ya ujamaa haikuchukuliwa na wenye hila. Niliifukuza mimi, kwa vibuyu vitatu na kiburi kimoja!

Jina langu siliandiki. Majina ya wenzangu nimeyabadilisha, kwa sababu wifi yangu yu hai, ana bakora, na miguu yake bado mizima.

Nina wajukuu kumi na mmoja na wote wana akili. Wamerithi kwangu, babu yao alikuwa na roho nzuri tu. Mmoja wao anafanya kazi bandarini. Juzi alikuja likizo, tukawa tunachambua mchicha, nikamuuliza kazi yake hasa ni nini.

"Bibi, natazama hesabu. Meli imesubiri siku ngapi huko nje kabla ya kupata nafasi. Imeshusha mizigo kiasi gani kwa saa. Lori limekaa ndani muda gani. Mizigo mingapi imeharibika. Wakubwa wakiona panakwama wapi, ndipo wanapoweka winchi mpya."

Nikamwambia, "Hayo nimeyafanya mimi, mama yako akiwa mgongoni."

Alicheka mpaka mchicha ukamwagika. "Bibi mtaalamu! Halafu ikawaje?"

Nikasema chungu kinaungua. Jikoni hapakuwa na chungu wala moto. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika, kwa mwandiko huu niliopata kwenye kisomo cha watu wazima, herufi zinakwenda upogo kama mlevi. Mnivumilie.

Kijiji chetu kiko upande wa Handeni. Ng'ambo ya Mto Pangani ni Korogwe, na huko Mnyuzi ndiko treni inakosimama. Mahindi yetu, mhogo wetu, kuku wetu, wagonjwa wetu, vyote vilipita kwenye mtumbwi mmoja. Mpiga pondo alikuwa mume wangu, nimwite Baba Zaina. Alisimama nyuma ya ule mtumbwi, anasukuma lile pondo refu kutoka alfajiri mpaka jua linazama, bega la kulia likawa limevimba kama nundu ya ng'ombe.

Chini kidogo, mwendo wa saa mbili kwa mguu, kulikuwa na kivuko cha kijiji kingine. Huko aliolewa dada yake Baba Zaina. Nimwite Mwanaisha. Huyo ndiye wifi yangu. Siku ya harusi yangu alionja wali nilioupika akasema mbele za watu, "Haya, tutamfundisha." Basi. Tangu siku ile sikuwa na amani.

Siku moja akaja mtu kutoka serikalini, mrefu, ana kaptula na daftari. Aliwahi kufanya kazi bandarini, tukamwita Bwana Vipimo. Akaitisha mkutano wa vijiji viwili.

"Ndugu wananchi," akasema, "kivuko ni bandari ndogo. Na bandari haiendeshwi kwa midomo, inaendeshwa kwa hesabu. Boti ya mashine ipo moja. Nataka kujua iende wapi."

Akataka kila kivuko kichague mtu wa kuhesabu. Kwetu wakanichagua mimi. Kwao, nani? Mwanaisha!

Vibuyu vilikuwa vitatu. Mtumbwi ukivuka na mzigo, punje ya mahindi kibuyu cha kwanza. Mzigo ukiachwa na mtumbwi mara mbili bila kuchukuliwa, mbaazi moja kibuyu cha pili. Mzigo ukiloa au ukiharibika, kunde kibuyu cha tatu. Wiki tatu, halafu atarudi kuhesabu.

Hata mbuzi angeelewa. Lakini jamani, mnakumbuka zama zile? Kila kitu kilikuwa mashindano. Kijiji bora. Shamba bora. Choo bora, naam, choo, tulipigiwa makofi kwa choo! Aliyefanya vizuri ndiye aliyepewa. Kwa hiyo niliposikia "boti moja, vivuko viwili", kichwani mwangu mkutano uliishia hapo. Boti ni zawadi. Atakayeonekana hodari ndiye atakayepewa. Na nikamtazama Mwanaisha, naye akanitazama.

Nilianza vizuri, wallahi. Siku tatu za kwanza nilihesabu kweli. Kibuyu cha mbaazi kikajaa nusu! Nikaona aibu. Mbaazi zote zile, Mwanaisha akiziona atasema nini?

Ndipo shetani akanikalia begani, naye hakuwa mzito hata kidogo.

Kwanza nikaongeza mahindi. Nilimwambia Baba Zaina, "Hapa pakiwa hapana watu, usikae. Vuka."

"Nivuke na nini?"

"Na huyu kuku."

"Kuku anakwenda wapi?"

"Ng'ambo."

"Halafu?"

"Anarudi."

Yule tetea alivuka Mto Pangani mara kumi na moja kwa siku moja. Mara ya tisa akataga humo humo mtumbwini, nami nikatia punje mbili, maana yai nalo ni mzigo. Baba Zaina alisugua bega lake, akashika pondo. Lo! Nikilikumbuka lile bega, naona haya mpaka leo.

Akapita mfugaji mmoja wa Kimasai na ng'ombe wake arobaini. Akawaingiza majini wakaogelea wenyewe, sisi hatukuwagusa. Nikaanza kutia punje arobaini.

"Mama," akaniuliza, "unahesabu nini?"

"Mizigo yangu iliyovuka."

"Hao wangu. Na wameogelea."

"Wamevuka, hawakuvuka?"

"Wamevuka. Lakini wameloa."

"Baba, ng'ombe hajaloa. Ngozi ndiyo imeloa."

Alinitazama kwa huruma, akaenda zake.

Kazi ngumu ilikuwa mbaazi. Watu walikuja wengi, mtumbwi mdogo, wakawa wanaachwa mara mbili, mara tatu. Nikapata dawa. Nikawaambia wasije mtoni mpaka niwaite. Wakae nyuma ya kile kichaka kwenye kona. Asiyeonekana hajafika, na asiyefika hasubiri!

Mzee mmoja, nimwite Mzee Mhina, alikaa kichakani na gunia lake la makopa ya mhogo tangu asubuhi. Adhuhuri akatoa kichwa.

"Mwanangu, kwani nimeiba?"

"Hujaiba, baba. Hujafika tu."

"Sijafika? Na huyu anayeliwa na siafu ni nani?"

"Shikamoo, baba. Rudi kichakani."

"Marahaba. Laana utaipata," akasema, akarudi.

Zikabaki kunde. Gunia la unga lililoanguka majini, kunde. Chumvi ya duka la kijiji iliyoyeyuka yote ikabaki gunia tupu, kunde. Mwisho wa wiki ya pili zilikuwa za kutosha mboga. Basi nikazipika. Nikatia nazi, kitunguu, bilinganya mbili, nikasonga ugali. Tulikula mimi, mume na watoto mizigo yote iliyoharibika ya kijiji kizima, na ilikuwa tamu, sisemi uongo!

Wiki ya tatu nikakutana na Mwanaisha gulioni. Nikamsalimia kwa maringo.

"Wifi, hujambo? Hesabu zinaendaje?"

"Ah, wifi, taabu tupu. Kibuyu cha mbaazi kimejaa, nimeazima sufuria kwa jirani."

"Sufuria! Hizo si hesabu tena, ni futari."

"Ndivyo ilivyo kwetu. Watu wanasubiri. Mficha uchi hazai, wifi."

"Mimi nimeshazaa watatu, asante."

"Mimi saba," akasema, akaendelea kuchagua nyanya.

Siku ikafika. Bwana Vipimo akatandika mkeka, vijiji vyote viwili vimezunguka, mwenyekiti wetu kavaa koti ingawa lilikuwa jua kali. Vibuyu vya Mwanaisha vikamwagwa kwanza. Mahindi kidogo. Kunde tele. Mbaazi, zikafuata na za kwenye sufuria. Watu wetu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Vikamwagwa vyangu. Mahindi yakaanguka kama mvua! Mbaazi nne. Nilibakiza nne ili nisionekane mwongo. Kunde, hakuna hata moja.

Bwana Vipimo akavua miwani. "Nimefanya kazi bandarini miaka mingi," akasema, "sijaona jambo kama hili. Mtumbwi mmoja, mpiga pondo mmoja, mzigo hausubiri, mzigo hauharibiki. Mama huyu angefaa kufundisha bandari."

Nikapiga vigelegele. Ndiyo, nilijipigia mwenyewe! Wanawake wenzangu wakaitikia, mwenyekiti akaanza kukohoa ili atoe hotuba ya shukrani.

"Kwa hiyo," Bwana Vipimo akasema, "hapa hapana shida yoyote. Boti itakwenda kule kunakokwama."

Akanyoosha kidole kwa Mwanaisha.

Kigelegele changu kilikatikia kooni. Hata sasa nadhani kipande kimoja kingali humo.

Hapo ndipo kosa langu kubwa lilipo, msidhani ni kunde. Bado palikuwa na nafasi. Ningesimama niseme, "Ndugu, nimedanganya, kichaka kile kina watu hata sasa hivi," boti ingekuwa yetu. Baba Zaina alikuwa amekaa mbele kabisa. Alinigeukia, akanitazama usoni. Alikuwa ananipa zamu yangu ya kusema.

Lakini mwenyekiti tayari alikuwa ananipa mkono. Bwana Vipimo ananiandika daftarini. Wakaniletea jembe jipya, zawadi ya mtunza hesabu bora, na watu waliokuwa wamenuna kwa ajili ya boti walipiga makofi hivyo hivyo kwa adabu. Na Mwanaisha ananitazama! Ningesema mbele ya Mwanaisha? Sifa zilinijaa mdomoni, nikashindwa kuzitema. Nikapokea jembe. Nikasema asante.

Masika yale mvua ilinyesha kama imetumwa. Mto ukapanda. Mahindi ya shamba la ujamaa yakawa yamerundikwa ukingoni kwetu, na behewa linayasubiri Mnyuzi. Mtumbwi mmoja, bega moja. Baba Zaina alisukuma pondo siku sita. Behewa likaondoka nusu tupu, na yale yaliyobaki yakaota humo humo kwenye magunia, majani yakatokeza kama nywele. Siku ya saba Baba Zaina hakuweza kuinua mkono hata wa kujifunga shuka.

Nilikuwa namkanda kwa maji ya moto. Machozi yakanitoka.

"Baba Zaina, ile boti ilikuwa yetu."

"Najua."

"Zile kunde..."

"Nilikula nawe. Unadhani nilidhani zimetoka shambani? Hatukupanda kunde msimu ule."

"Mbona hukusema mkutanoni?"

"Hesabu haikuwa yangu," akasema. "Kanda hapa chini kidogo."

Hakulirudia tena mpaka alipofariki. Mkono ule haukupanda tena juu ya sikio, na pondo likashikwa na mwingine.

Tangu hapo mizigo yetu mikubwa tuliibeba kichwani saa mbili nzima mpaka kwa Mwanaisha. Mara ya kwanza nilipofika na gunia, shingo imeingia mabegani, boti ile inanguruma kama pikipiki, nikataka kupita mbele kwa kuwa mimi ni ndugu.

"Mwalimu wa bandari!" Mwanaisha akapiga kelele, watu wote wakageuka. "Karibu! Mstari unaanzia kule nyuma."

Nikaenda nyuma. Nilikuwa wa thelathini na moja. Nilihesabu sawasawa siku hiyo.

Sasa sikilizeni, watu wa kijiji changu, maana ninyi mtajijua. Miaka yote hii mnasema Bwana Vipimo alilishwa asali na watu wa kivuko cha chini ndipo akawapa boti. Wengine mmewafundisha hata wajukuu. Mtu yule hakulamba asali ya mtu. Alihesabu alichoonyeshwa, na aliyemwonyesha ni mimi. Mwanaisha naye hakuiba kitu, alisema kweli tu, ingawa kwa sauti ya kuudhi. Mliokaa kichakani mkaliwa na siafu, nisameheni. Wale ambao mahindi yenu yaliota maguniani, nisameheni zaidi. Mkitaka kuja kunisema, nipo nyumbani, chai ipo.

Na ninyi wengine, wa vivukoni na wa bandarini, wa shuleni na wa zahanati, mnaoletewa fomu mjaze: mtu akija kupima, msijipambe! Mpimaji si mposaji. Amekuja kutafuta panapouma. Ukimficha kidonda, dawa ataondoka nayo, atampaka mwenzako, na wewe utabaki na jembe.

Mjukuu wangu bado yupo likizo. Nikimaliza mstari huu namwita aje asome yeye kwanza, mbele yangu, kwa sauti.