Maiti Aliyekohoa

Kikohozi kilitangulia. Picha ilikuwa bado.

Ukumbi wetu wa video hapa Tafo, Kumasi, ulikuwa na ugonjwa huo. Sauti ilifika kwanza, picha ikafuata kwa kujivuta, kama mtu aliyechelewa kanisani.

Kwa hiyo Jumapili ile mchana tulikaa gizani, watu kama sitini na jasho letu, tukisikia wanawake wakilia msibani. Tukamsikia mchungaji akiomba. Halafu, katikati ya kilio:

Koh! Koh!

Kisha mkwaruzo mrefu, kama mtu anaburuta kabati kwenye sakafu ya saruji.

Picha ikaja. Kitanda cha shaba, maua, na maiti aliyevishwa kitambaa cha fahari cha kente. Pamba puani. Uso umepakwa poda mpaka umekuwa mweupe kama kiazi kikuu kilichomenywa. Kando ya kitanda hapakuwa na mtu mwingine.

Aliyekohoa ni maiti.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Watu walipiga viti, mmoja akadondoka chini kabisa. Na mimi nilicheka kuliko wote.

Ila nakiri jambo moja. Kabla ya kucheka, kitu kilinishtua kifuani, kwa sekunde moja tu. Nikadhani ni kicheko kinatafuta njia.

Naitwa Dapaah. Mtaani wananiita Malenga, na jina hilo sikupewa bure. Ushairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe kwa nyimbo za kanisani, nikihesabu silabi kwa vidole huku nikiosha magari ya watu. Nilijua kutunga, na nilijua kwamba najua.

Baada ya filamu tulikuwa na benchi letu, pale kwa dada Serwaa anayechoma ndizi. Kila Jumapili kila mtu alisema filamu alizoziona wiki hiyo na kutoa hukumu. Sheria ilikuwa moja: hukumu ikishatoka haifutwi. Anayefuta neno lake anapoteza nafasi benchini.

Siku hiyo alianza Fosu, fundi cherehani.

"Mimi juzi nimeona ile ya pacha waliobadilishwa hospitalini. Nimelia, sifichi."

"Wewe unalia hata kwenye tangazo la sabuni," Serwaa akamkata.

"Dada, mama mzazi anamuuzia mwanawe maji barabarani na hamjui! Nisilie?"

"Mama mkwe alikuwemo?"

"Alikuwemo."

"Mchawi?"

"Mchawi."

"Basi nimeshaiona. Tangu nianze kuchoma ndizi hapa sijaona mama mkwe mmoja mwenye akili timamu kwenye filamu zetu. Nyie wanaume mnaozitunga mna neno na mama zetu."

Tukacheka. Fosu akanigeukia. "Haya Malenga. Hukumu ya filamu ya leo, *Shamba la Marehemu*."

Sikukaa. Nilipanda juu ya benchi na ndizi yangu mkononi, nikashusha ubeti pale pale, bila kuandika:

*Nimeona maajabu, maiti akikohoa,*
*Wafiwa kwa taratibu, vilio wakavitoa,*
*Marehemu kawajibu, pafu lake aking'oa,*
*Mpelekeni tabibu, azikwe akishapoa!*

Acha kabisa. Serwaa aliangusha koleo. Wapita njia walisimama. Fosu alinirekodi kwa simu, na kabla jua halijazama ubeti ulikuwa umefika mjini kati.

Jumamosi iliyofuata redio iliupiga kwenye kipindi cha filamu. Watu wakapiga simu, kila mmoja ana lake. Mmoja akasema huyo maiti apewe tuzo ya mwigizaji bora. Mwingine akasema hapana, apewe dawa ya kifua.

Watoto bombani walikuwa wameshaufanya wimbo wa kuchotea maji.

Nilitembea mtaani kama mtoto wa chifu.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na baba. Mama alishatangulia. Chumba chetu kiligawanywa kwa ukuta wa mbao. Yeye upande ule, mimi upande huu.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao miaka ishirini na mbili, mpaka kikafungwa. Baada ya hapo alisema amepata kibarua njia ya Ejisu, siku moja moja. Sikuuliza kibarua gani. Kila alipotoka huko alirudi na yai moja bichi, limefungwa kwenye kitambaa cha bluu.

"Wamenipa kazini," alisema.

Nikaamini analinda banda la kuku.

Yai alinikaangia mimi. Yeye alikula gari, ule unga wa muhogo uliokaangwa, akiulowanisha kwa maji, anasema mayai yanamsumbua tumbo.

Miezi ya karibuni alikuwa na tabia nyingine. Alfajiri nilimsikia nyuma ya ukuta akisema peke yake, maneno yale yale, mara kwa sauti nzito, mara kwa upole:

"Ardhi hii haiuzwi. Babu yangu amelala humu. Ukitaka kuichimba, anza na mimi."

Nikasema mzee ameanza kuzeeka vibaya. Nikajifunika shuka.

Siku redio ilipopiga ubeti wangu, nilimsomea na yeye. Alikuwa anamenya kiazi kikuu. Kisu kikasimama.

"Rudia."

Nikarudia, kwa mikono na madaha yote.

Aliweka kisu chini. Kisha akasema, "Mstari wa mwisho una akili kuliko mwenyewe."

Nilidhani ananitania. Akatoka nje, akasimama karibu na mtaro. Nikasikia mkwaruzo, lakini masikio yangu yalikuwa bado redioni.

Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu na mwongozaji wa filamu ile ile, Dairekta Antobam. Nilidhani nimekwisha. Kumbe mwenzangu anacheka.

"Kijana, umeniuzia filamu! Watu wananunua ili waone kikohozi. Njoo Ejisu kesho, nataka uniandikie nyimbo."

Nilivaa shati langu jeupe. Baba alikuwa amelala, jambo ambalo halikuwa kawaida yake saa tatu asubuhi. Sikumwamsha.

Nilipofika walikuwa wanarekodi. Antobam alinikumbatia mbele ya watu, akaniketisha kwenye kiti chenye jina lake. Kijana mmoja, umri wangu, amebandikwa ndevu za pamba, alisimama katikati ya uwanja kama mzee wa ukoo. Akanyoosha fimbo.

"Ardhi hii haiuzwi," akasema. "Babu yangu amelala humu. Ukitaka kuichimba, anza na mimi."

Niligeuka kitini.

"Hayo maneno," nikamuuliza Antobam, "ameyatunga nani?"

"Mimi."

"Nani mwingine anayajua?"

"Hakuna. Yalikuwa ya mzee mmoja, tukambadilisha."

Kabla sijauliza la pili, mwigizaji mwingine akainuka kwenye jeneza lililokuwa kando, anajipangusa poda. Mama Pokuaa, mpambaji wao, akamwendea na yai bichi.

"Zungusha kichwani mara tatu," akamwambia. "Kisha kalivunje njia panda, uambie mauti ulikuwa unacheza tu. Na usiende nalo nyumbani kama yule mzee."

"Mzee gani, mama?" nikauliza.

"Yule wa kikohozi, mwanangu, si ndiye uliyemwimba? Amekufa hapa mara kumi na tisa, hakulivunja hata moja. Analifunga kwenye kitambaa chake cha bluu, huyoo. Nikamwambia mzee wangu, unabeba mauti yako unayapeleka nyumbani! Akanijibu: nina kijana, anapenda yai."

Sikumbuki kama nilisimama au nilikuwa nimeshasimama.

Antobam aliendelea, hajui anaongea na mtoto wa mzee huyo. "Mzee mzuri, ila ndiyo hivyo. Amelala maiti miaka miwili, nikamwahidi hizo sentensi tatu. Ubeti wako ukatoka. Sasa nani atamwogopa mzee wa ukoo ambaye mji mzima unamwita maiti? Akifungua mdomo tu watu watacheka. Alipiga magoti pale, karibu na jenereta. Nikamwambia akulaumu wewe, Malenga, si mimi."

"Akasema nini?"

"Akasema wewe hawezi kukulaumu. Eti mizani yako imekaa sawa."

Niliondoka bila kuaga. Nyimbo zake hakuzipata.

Baba alikuwa ameamka, amekaa kwenye kigoda chake. Nikasimama mlangoni na shati langu jeupe.

"Ardhi hii haiuzwi," nikasema.

Hakushtuka. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyekuwa anasubiri barua na sasa imefika.

"Huyo kijana aliyepewa, anayasema vizuri?"

"Vibaya, baba. Anapiga kelele."

"Nilijua. Pale hapapigwi kelele. Mtu anayesema anza na mimi hana haja ya kupiga kelele."

"Ulijua ubeti ni wangu?"

"Kabla hujaniimbia. Nilikuwa bombani, nikawasikia watoto. Nani mwingine hapa anahesabu maneno kama mahindi?"

"Mbona hukuniambia unafanya kazi ile?"

"Nikwambie nini, Dapaah? Kwamba kazi yangu ni kufa?"

Nilianza kuomba radhi. Akanyanyua mkono.

"Usilie, hiyo si filamu ya Fosu. Nikuulize kitu kimoja. Kikohozi changu kina miaka miwili. Wewe unalala hapo, nyuma ya ubao huu, hata mkono ukinyoosha unanigusa. Hukuwahi kukisikia. Ukaenda kulipa kiingilio ukakisikie ukumbini."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejitetea, maana kwa ugomvi mimi ni hodari.

Nikakumbuka mstari wangu mwenyewe. Mpelekeni tabibu. Nilikuwa nimeuambia mji mzima, sikujiambia mimi.

Kesho yake nilimpeleka. Daktari aliangalia picha ya kifua kwenye mwanga muda mrefu. Vumbi la mbao, akasema. La miaka mingi. Akauliza kwa nini hatukuja mapema. Baba akanitazama, akasubiri nijibu mimi.



Walimlaza.

Jumapili nilikwenda benchini. Niliwaambia yote: maiti ni baba yangu, anaitwa Kwarteng Amponsah, na hukumu yangu naifuta.

Serwaa alishika mdomo. "Mungu wangu, Malenga. Na mimi nilicheka."

Fosu alitazama chini. "Pole, ndugu yangu. Lakini hukumu haifutwi. Sheria uliiweka wewe."

Kweli, niliiweka mimi. Niliinuka, nikawaachia nafasi yangu. Nilipofika kona, watoto wawili walinipita na ndoo, wanaimba: pafu lake aking'oa. Niliwafokea. Walikimbia wakiimba kwa nguvu zaidi.

Ubeti ukishatoka hausikii hata sauti ya mwenyewe. Nimejaribu.

Jana nilikuwa wodini. Mama mmoja wa usafi alikuja na ndoo yake, anapiga deki, na anaimba kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote. Aliimba mistari yote minne. Aliposikia baba anakohoa, akacheka kidogo, akasema, "Eh mzee, na wewe umeupenda?"

Baba akamjibu, "Sana. Kijana wangu ndiye aliyetunga."

Nilitamani sakafu ipasuke.

Nyie mnaosoma hapa, mnaopenda kuchambua filamu kama mimi: endeleeni kuchambua. Kibaya ni kibaya, kiitwe kibaya. Lakini yule anayepita nyuma ya picha sekunde mbili, yule anayelala bila kusogea, ana nyumba anayorudia. Kabla hujamtungia kicheko, nenda kwanza nyumbani kwako ukahesabu wanaokohoa. Mimi nilianza mbali nikamalizia karibu, na sasa sijui nimebakiwa na Jumapili ngapi.

Yule mama alipotoka, nilimuuliza baba anataka nini. Nilidhani atasema maji.

"Filamu kumi na tisa," akasema. "Mwishoni huwa wanapandisha majina. Mpika chakula yumo. Mwenye jenereta yumo. Mimi hawakuniandika hata mara moja. Nilikuwa nakaa ukumbini nyuma kabisa, nasubiri mpaka taa ziwake."

Akageukia ukutani.

Nikasogeza kiti mpaka magoti yangu yakagusa kitanda. Nikasema kwa sauti, wagonjwa wote wasikie:

"Baba, nakuahidi. Kuanzia leo, kila nitakapofungua mdomo mbele ya watu, kabla ya ubeti wowote nitataja jina lako. Nitasema: huyu ni Kwarteng Amponsah wa Tafo, aliyekufa mara kumi na tisa, na mayai yote niliyala mimi."