Silaha ya Egidius

Trrrrrr. Gurudumu la nyuma lilikuwa likizunguka hewani, baiskeli imegeuzwa matairi juu, na Emiliana ameinama akitazama kama rimu imenyooka, simu ilipoita. Aliipokea kwa mkono wenye grisi. Sauti ya mwanamke asiyemjua ikasema, "We ndo fundi Emiliana wa Yoba? Namba yako iko kwenye madigadi. Dada, kaa chini kwanza." Gurudumu liliendelea kuzunguka peke yake, trrrrrr, habari yote ikasemwa ndani ya mlio huo, na liliposimama, mdogo wake Egidius alikuwa amekufa.

Pale Yoba, mtaa mmoja wa mji wa Gitega, hakuna asiyemjua Emiliana. Ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mfupi, mwenye mikono mipana kama ya mpiga matofali. Alizaliwa kambini, upande wa Kasulu, Tanzania, na huko baba yake alimfundisha kufunga spoku kabla hajajua kuandika jina lake. Waliporudi Burundi, familia ilipata shamba lake huko Itaba, mihogo na maharage, na mama yake, Bi Anisia, akabaki kulima. Emiliana akaja mjini na boksi la spana. Wanaume walimcheka wiki mbili. Wiki ya tatu walianza kupanga foleni. Kila baiskeli aliyoitengeneza aliiandika kwa rangi nyeupe kwenye madigadi ya nyuma: Fundi Emiliana, Yoba, na namba ya simu. Hiyo ndiyo namba aliyoisoma Latifa, muuza chai wa Muyinga, siku Egidius alipolala barabarani karibu na meza yake.

Egidius alikuwa msukumaji mizigo. Alioa Muyinga, akakaa huko, akawa anapeleka magunia ya maharage sokoni kwa baiskeli. Baiskeli yenye magunia mawili haipandwi mlimani. Magunia yanakaa juu ya keria mpaka yanafunika tandiko, na msukumaji anatembea ubavuni. Kwa kuwa mkono haufiki vizuri kwenye usukani, anafunga fimbo ndefu ya mkaratusi kwenye upande wa kushoto wa usukani, na kwa fimbo hiyo anaongoza. Emiliana ndiye aliyemchongea mdogo wake fimbo yake. Aliikata kijishimo mwishoni ili chuma cha usukani kilale humo, akaifunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi, mizunguko mitatu, ncha ikachomekwa bila fundo.

Siku ile ile redio ilisoma tangazo la polisi. Jambazi mwenye silaha ameuawa Muyinga baada ya kuvamia kizuizi kwa kasi kwa baiskeli na kutaka kumpiga askari.

Bi Anisia alilisikia akiwa anamenya mihogo. Hakulia. Alizima redio, akaifunga kwa kitenge, akaiweka chini ya kitanda.

Huko kwao, siku ya kumaliza matanga, mtu mmoja wa familia husimama mbele ya wageni, pombe ya ndizi ikiwa imeshamiminwa, akaeleza marehemu alikufaje. Ndipo watu wanakunywa, ndipo wafiwa wanarudi katika maisha. Wazee wa ukoo walipokuja kupanga siku, Bi Anisia aliwauliza, "Nani atasimama aseme mwanangu alikuwa jambazi?" Akazitazama nyuso zao moja moja. "Basi hakuna matanga ya kumaliza. Mpaka serikali iseme kweli."

Ikapita miezi minane. Mama hakuhudhuria arusi, hakuvaa nguo ya rangi, hakuimba kanisani. Na Emiliana, kila alipokaza spoku, alikaza na hasira pamoja.

Halafu ukaja wito. Familia ifike Muyinga kuchukua mali ya marehemu.

Alipanda basi la alfajiri. Latifa alimpokea stendi, mtandio umemkaa vizuri, termosi ya chai mkononi. Ndiyo kwanza wanaonana ana kwa ana, lakini walikumbatiana kama waliochangia ziwa moja.

"Dada, mi nitakusindikiza mpaka mulangoni," Latifa akasema. "Ndani siingii. Niko na watoto, niko na meza yangu pale kwenye bariyeri ya polisi. Unaelewa?"

"Naelewa, mama. Mlangoni panatosha."

Ndani ya ua wa ofisi ya mwendesha mashtaka kulikuwa na foleni ya watu wenye mashauri yao, na ukutani imeegemezwa baiskeli ya Egidius. Magunia yaliondolewa zamani, lakini maandishi meupe yalikuwa bado yanasomeka. Afande Gervasi, mtu wa makamo mwenye miwani na tumbo la amani, alitoa karatasi.

"Bon, madamu. Pole sana. Weka sahihi hapa, uchukue baiskeli yako, na faili tunalifunga."

Emiliana alisoma. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Kinachorudishwa kwa familia: baiskeli moja. Kinachobaki kwa serikali: silaha ya jadi moja, fimbo yenye urefu wa mita moja na robo.

"Afande, naomba kuiona hiyo silaha."

"Ya nini tena?"

"Niweke sahihi kwa kitu nisichokiona?"

Gervasi akashusha pumzi, akaingia stoo, akarudi na fimbo iliyofungwa karatasi yenye namba. Emiliana aliitambua kwa kuitazama tu. Hakuigusa kwanza. Alikwenda kwenye baiskeli, akapiga magoti, akapapasa upande wa kushoto wa usukani. Mpira ulikuwepo. Mizunguko mitatu, na umekatwa kwa kisu, safi kabisa, kama mkate.

"Nani aliandika ripoti hii?"

"Mimi."

"Ulikuwepo kizuizini?"

"Niliandika kama nilivyoelezwa na waliokuwepo." Gervasi akakunja uso. "Kwa nini?"

"Kwa sababu uliyemwita jambazi aliuawa akiwa na usukani mkononi, na wewe umeuandika silaha." Aliichukua fimbo, akaweka kijishimo juu ya chuma. Kililala humo kimya, kama mtoto mgongoni mwa mama yake. "Kisu kilichochonga hapa ni changu. Wasukumaji hawakati mpira huu, afande. Wanaufungua, maana kesho wanauhitaji. Aliyeukata hajawahi kusukuma gunia hata moja maishani mwake."

Watu wa foleni wakaanza kusogea karibu. Mzee mmoja aliyekuja na magunia yake ya maharage akasema kwa sauti, "Mama wee! Kweli kabisa. Hiyo ni fimbo ya kusukumia!"

"Kaa kimya, mzee," Gervasi akasema. "Madamu, fimbo inaweza kufungwa na mtu akapanda vilevile. Mimi ujanani nimetoka Karuzi mpaka hapa kwa baiskeli. Najua baiskeli."

"Unajua?"

"Sana."

"Panda."

Watu wakapiga kelele za furaha. Emiliana alikwishatoa mpira mpya mfukoni, mizunguko mitatu, ncha ndani. Magunia mawili ya mtu wa foleni yakaletwa bila kuombwa, yakapachikwa kwenye keria, wanaume wawili wakashikilia. Gervasi akavua kofia. Akainua mguu wa kulia: gunia. Akazunguka, akainua wa kushoto: fimbo ikamchoma pajani. Akajaribu kukaa juu ya gunia, baiskeli ikainuka gurudumu la mbele kama mbuzi anayetaka majani ya juu, na fimbo ikapaa pamoja na usukani, ncha yake ikapita karibu na miwani yake.

"Afande, piga kengele tupishe!"

"Huyo ndo wa Karuzi!"

"Mvamizi! Anakuja kwa kasi, kimbieni!"

Ua mzima ulikuwa unacheka, wengine wanafuta machozi, na katikati ya kicheko hicho ikasikika sauti kali kutoka mlangoni.

"Hivyo! Ni hivyo hivyo ilifanyika!"

Latifa alikuwa ameingia. Hakuwa na termosi tena. Aliiacha sijui wapi.

"Mi niliona na macho yangu," akasema, na kicheko kikakatika. "Alikuwa anasukuma, jasho inamutoka. Wakamwambia simama. Akasimama! Pale ni mulima, baiskeli ikaanza kurudi nyuma, gurudumu ya mbele ikainuka, fimbo ikainuka, kama saa hii. Yule askari kijana akaogopa, akapiga risasi. Moja tu. Halafu wakubwa wake wakakuja, wakatoa kisu, wakakata fimbo. Miezi munane niko nayo hapa." Akajigonga koo. "Miezi munane hata chai haipiti vizuri."

Mwendesha mashtaka alikuwa amesimama kwenye ngazi. Kicheko ndicho kilichomtoa ofisini, kwa maana kwenye ua ule hakukuwa na mazoea ya kicheko. Jina lake Kasilda, mwanamke mwembamba mwenye kalamu nyuma ya sikio. Alishuka, akatazama mpira uliokatwa, akatazama mpira mpya, akatazama magunia. Hakuuliza mengi.

"Gervasi, umeandika kwamba alivamia kwa kasi. Hii ni ripoti yako. Ungeiona baiskeli hii kabla ya kuandika, ungeandika hivyo?"

Gervasi alikuwa bado anasugua paja. Akaitazama tena ile fimbo.

"Hapana, madamu," akasema. "Nisingeandika."

"Basi mama huyu hataweka sahihi leo." Kasilda akamgeukia Latifa. "Na wewe, dada, ingia ndani tuandike ulichosema. Meza yako hakuna atakayeigusa. Namba yangu nitakupa mimi mwenyewe."

Kisha akamuuliza Emiliana familia inataka nini. Emiliana alikuwa amejibu swali hilo mara elfu, usiku na mchana, akiongea na pampu na spana zake, na sasa jibu lilikuwa fupi.

"Karatasi isahihishwe. Redio isome. Na aliyeiandika aje Itaba aisome mwenyewe mbele ya mama yangu."

Gervasi akainua macho. Hakukataa.

Si kwamba mambo yalikwenda mbio. Faili lilizunguka. Kuna wiki simu ya Kasilda haikupokelewa, na kuna mtu alipita Yoba akamshauri Emiliana apumzike, akili zitulie. Emiliana akamwambia yeye hutulia akifanya kazi, akamzibia pancha, akamsindikiza. Lakini mwezi wa tatu tangu siku ile, redio ilisoma. Egidius hakuwa jambazi, hakuwa na silaha, alisimama alipoambiwa asimame, na taarifa ya kwanza haikuwa ya kweli. Aliyefyatua risasi na waliokata fimbo wamefikishwa mbele ya hakimu. Watu wa Yoba walikimbilia kibandani kwake, wengine na baiskeli zisizo na ubovu wowote, kwa kutaka tu kusimama pale. Emiliana alifunga kazi saa nne asubuhi, kwa mara ya kwanza maishani, akaenda Itaba kumwambia mama afungue redio.

Na Jumamosi iliyofuata, Itaba ilijaa. Pombe ya ndizi iliiva ikafurika mitungini. Latifa alikuja na mumewe Aboubakar na sufuria ya pilau waliyoipakata tangu Muyinga. Bi Anisia alikuwa ameweka soda kando kwa ajili yao. Mjane wa Egidius alivaa kitenge cha njano. Wageni walikaa, vikombe mikononi, bila kunywa, wakingoja mtu asimame.

Gari likafika. Akashuka Kasilda, na nyuma yake Gervasi, kofia kwapani, karatasi mkononi. Watu waligeuza shingo zote kwa pamoja. Alisimama mahali ambapo mwanafamilia angesimama. Akaikunjua karatasi.

"Mimi, Gervasi," alianza, "niliandika kwamba Egidius, mwana wa Anisia, alikuwa jambazi. Nilichoandika hakikuwa kweli. Egidius alikuwa..."

Hakufika mbali. Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa mjane, cha pili kwa Latifa, na kisha uwanja mzima ukapasuka, wanawake wamesimama, wanaume wanapiga makofi, mtu amemwaga pombe na hajali. Gervasi aliendelea kusoma midomo ikicheza tu, akamaliza, akaanza kukunja karatasi. Bi Anisia alikuwa amesogea mbele kabisa ya kiti, mkono nyuma ya sikio, akitazama huku na huku, uso wake unauliza.

Emiliana alipita katikati ya watu mpaka kwa Gervasi. Akamshika mkono wenye karatasi kabla haujaingia mfukoni, akasogeza mdomo karibu na sikio lake.

"Soma tena, afande," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. "Mama hajasikia."