Majani Yaliyokwenda na Maji ya Kupwa

Kwenye kibanda cha Bi Zulmira, pale soko la Ver-o-Peso mjini Belém, kando ya mto, mimea haina majina ya kulala. Ina majina ya kuamrisha. Ipo Njoo-Kwangu, ipo Fungua-Njia, ipo Nishike-Usiniache. Ipo na ile yenye majani madogo kama kucha za mtoto mchanga, Lia-Miguuni-Pangu, ambayo wanawake huiulizia kwa sauti ya chini huku wakijifanya wanaangalia rehani. Bi Zulmira hajawahi kumcheka hata mmoja. Humfungia kitita chake kwa uzi na kumwelekeza.

"Chemsha maji, epua, ndipo utie majani. Fikicha kwa mikono, usitumie mwiko. Yalaze nje yapate umande. Asubuhi oga kuanzia shingoni kwenda chini, na usijifute. Ukijifuta, na yeye umemfuta."

"Na masalio?"

"Mtoni. Maji yakijaa, kama unaita. Yakipwa, kama unafukuza. Usije ukachanganya."

Mto wa Belém hufuata bahari. Maji yakijaa, mto wenyewe hugeuka na kupanda kuelekea msituni. Yakipwa, hushuka na kwenda zake baharini. Kila mtu wa pale anajua. Lakini hilo la mwisho, usije ukachanganya, Bi Zulmira hulisema akiwa ameinamia ndoo yake, hamtazami mteja usoni. Jandira wa kibanda cha pili amelisikia miaka arobaini.

"Somo," humwambia, "wewe unauza majani au unasomesha?"

Walikuwa masomo wa moto hao wawili. Maana yake, siku moja ya Mtakatifu Yohana, utotoni, walishikana mikono wakaruka makaa ya moto wa sikukuu mara tatu, na tangu hapo wakawa ndugu wa kuitana. Bi Zulmira aliupenda usomo huo, na aliuchukia pia, kwa sababu mruko ule ndio uliomchelewesha.

Mwaka huo wa kuchelewa alikuwa na miaka tisa. Walikaa kisiwani, ng'ambo ya mji, nyumba ya mbao juu ya miguu mirefu ukingoni mwa mto. Mama yake, Eufrásia, alilima priprioka nyuma ya nyumba, yale majani marefu kama ndago ambayo mizizi yake hunukia udongo na kitu kingine kitamu kisicho na jina. Aliikuna kwa ulimi mkavu wa samaki mkubwa wa mtoni, ulimi wenye meno makali kama mbuzi ya nazi, na mikono yake ilinukia hata akipika samaki. Juni ikifika alivuka na beseni kichwani, akapita mitaani akiuza maji ya kuogea ya sikukuu. Zamani zile mji mzima ulinukia. Ulikuwa unaweza kufumba macho ukajua ni nyumba ipi imeshaoga na ipi bado.

Baba yake, Belarmino, alikuwa mkata miti. Walikuja watu wa kiwanda, wakaandika majina ya wanaume, wakawapandisha mto kwenda kutafuta mti-waridi. Mti huo hukatwa, ukapasuliwa vipande, ukachemshwa, na mafuta yake yakapelekwa nchi za mbali kwa mabibi wa marashi. Baba alikuwa akirudi na vumbi la mbao kwenye nywele, na Zulmira alikuwa akimpanda mgongoni na kumnusa kisogo kama paka. Katika sura ya baba yake hakubaki na kitu. Kilichobaki ni hicho kisogo.

Safari ya mwisho alisema atarudi kabla ya Mtakatifu Yohana. Sikukuu ikafika, hakuja. Basi mama akaandaa maji: rehani, pachuli, priprioka, vipande vya mti-waridi alivyoviacha baba, na Njoo-Kwangu mafungu matatu. Majirani wote waliona. Asubuhi akaoga, akakamua majani, akayatia kwenye kibuyu na kumpa mwanawe.

"Katupe gatini kwa kina Jandira. Masalio hayatupwi kwenye gati lako mwenyewe. Nenda sasa hivi, maji bado yanajaa."

Gati la kina Jandira lilikuwa juu kidogo ya letu mtoni, mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Lakini uani kwao makaa yalikuwa bado mekundu, na mahindi, na Jandira mwenyewe na jino lake lililong'oka, akisema, ruka na mimi tuwe masomo. Wakaruka. Wakala mahindi. Zulmira alipokumbuka kibuyu na kukimbilia gatini, majani aliyoyamwaga yalizunguka mara moja, yakasita, kisha yakaanza kushuka. Hayakupanda kwa baba. Yalikwenda baharini.

Nyumbani mama akauliza, "Umetupa?"

"Nimetupa."

"Kwa wakati wake?"

"Kwa wakati wake, mama."

Baba hakurudi mwaka ule, wala mwingine. Wengine walisema homa, wengine walisema mti umemwangukia, wengine walisema ana nyumba nyingine huko juu. Zulmira alisikiliza yote na hakuamini hata moja, kwa sababu yeye alijua. Baba hakuwa ameitwa. Akakua na jambo hilo kama mtu anavyokua na kovu chini ya nguo. Aliolewa nalo, akazaa watoto wawili, akamzika mume, akarithi kibanda cha mama sokoni. Wanawake wangapi wamekuja kumshukuru, wengine na watoto mikononi, wakisema, Bi Zulmira, alirudi. Naye hujibu, ni majani, mwanangu, mimi nafunga uzi tu.

Sasa mama yake ana miaka tisini na miwili, amelala kwenye bembea ya kulalia katika nyumba ya Zulmira, mtaa wa Guamá. Tangu mwezi wa tano alianza kukataa chakula. Asai, ile rojo nyeusi ya matunda ya mtoni ambayo mtu wa Belém hunywa mpaka siku ya kufa, alikuwa akiionja kijiko kimoja na kugeuza uso. Sikukuu ilipobakiza siku tatu akasema:

"Mwaka huu niogeshe ya Mtakatifu Yohana. Kama ile ya zamani, yenye mti-waridi."

"Ipi ya zamani, mama?"

"Wewe unaijua."

Zulmira hakulala vizuri. Aliona kwamba mama anafunga mizigo, na kwamba akiondoka kabla ya kuambiwa, jambo lile halitakuwa na mtu wa kulisamehe tena. Asubuhi akaenda kutafuta mti-waridi.

Sokoni haukuwepo. Miti ya karibu na mto ilikwisha zamani, imekatwa ikachemshwa yote, na iliyobaki ndani huko haiguswi bila kibali. Mzee mmoja muuza vichupa vya marashi alimletea kipande.

Zulmira akanusa. "Huu ni mti wa sanduku, umemwagiwa marashi ya kinyozi."

"Bi Zulmira, pua yako haina huruma."

"Pua ikiwa na huruma, mimi nitakula nini?"

Jandira akacheka mpaka akashika meza. Walipobaki wawili akamuuliza taratibu, "Mama anasemaje?"

"Anataka ile ya mwaka tuliporuka."

Jandira alikuwa anajua kwamba siku ile walichelewa. Hakujua kwamba mwenzake aliibeba siku ile miaka sitini. Akamtazama, akasogeza kigoda chake karibu, akaanza kufunga vitita vya Zulmira badala ya vyake.

"Kamwambie, somo. Yule bibi ameuza majani umri wake wote. Hakuna asilolisikia."

Alasiri hiyo mvua ilinyesha saa yake ya kila siku. Ilipokatika, Zulmira akavuta kiti karibu na bembea, na bakuli la asai mkononi, unga wa muhogo juu.

"Mama."

"Nakusikia. Sijafa."

"Ile siku ya Mtakatifu Yohana, mwaka aliokwenda baba. Masalio niliyatupa maji yakipwa. Nilikudanganya."

Mama yake alikuwa akisukuma bembea kwa kidole cha mguu ukutani. Kidole hakikusimama.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa gatini kwetu nafua. Nikayaona majani yangu yanapita mbele yangu, yanateremka, Njoo-Kwangu mbele, rehani nyuma, kama watu wanaotoka harusini. Nikasema, eh, huyu mtoto amekwenda kuruka moto."

Zulmira akaweka bakuli chini. "Na hukusema."

"Niseme nini? Maji hujaa mara mbili kwa siku, Zulmira. Miaka yote hii unauza majani na hilo hujapata kulifikiri? Nilikuwa na Njoo-Kwangu shamba zima nyuma ya nyumba. Ningetaka kumwita, ningemwita jioni ileile."

Nje mtu alipita na toroli, magurudumu yakilia kwenye madimbwi. Zulmira alingoja lipite.

"Hukutaka arudi?"

"Wewe unakumbuka harufu yake. Mimi nakumbuka mkono wake." Bibi akageuka kidogo, bembea ikalia kwenye ndoano. "Akiwa safarini alikuwa mtu mzuri sana. Nikamwacha hukohuko."

"Na yale maji uliyaandaa ya nini, mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote, umesema mwenyewe. Mwanamke anauza Njoo-Kwangu, mumewe haji, na hata hajamwita. Nani angenunua kwake? Wewe ungekula nini?"

Zulmira alitaka kukasirika. Miaka sitini si kibuyu cha kumwaga. Aliitafuta hasira mahali ilipopaswa kuwa akakuta kicheko, kidogo, cha aibu, kikamtoka puani. Mama yake naye akaanza kucheka bila meno.

"Ungeniambia, mama."

"Wewe ungeniambia. Mimi nilikuwa nangoja. Nikasema, atasema akiolewa. Nikasema, atasema akizaa. Wewe mtoto ni mgumu kama nazi."

Kisha Zulmira akasema kwamba mti-waridi haupatikani, amezunguka soko lote.

"Fungua kasha langu. Chini, ndani ya shuka ya kuzikiwa."

Ndani ya shuka palikuwa na kipande cha mti kama ngumi ya mtoto, kimekuwa cheusi kwa uzee. Zulmira alikishika mkononi, na kwanza hakikunukia kitu.

"Ulikuwa nacho miaka yote?"

"Kinanukia vizuri. Nitupe harufu nzuri kwa makosa ya aliyeileta?"

Usiku wa mkesha majani yalilala uani. Kabla ya hapo Zulmira alikikuna kile kipande kwa ulimi wa samaki, uleule wa kisiwani, meno yake yamelika nusu. Kilipopasuka ndani, harufu ikatoka yote, kali na tamu, ikajaa nyumba. Siku zote alidhani akiinusa tena atamwona baba. Alinusa, akangoja. Alichokiona ni mama yake, kijana, na mikono iliyolowa, amesimama gatini anaangalia majani yanapita, na uso ambao mtoto wa miaka tisa hakuwepo kuuona.

Asubuhi Zulmira na Jandira wakamwogesha mama. Alikuwa mwepesi, kama kapu la mchuuzi aliyemaliza kuuza. Wakamwagia kuanzia shingoni, hawakumfuta, wakamrudisha kwenye bembea ananukia.

"Masalio yatupe maji yakipwa," akasema, macho yamefumba. "Usiniite. Nimechoka kuitwa."

Zulmira akachukua kibuyu akashuka bandarini Guamá, Jandira nyuma yake. Mashua za asai zilikuwa zinaingia, vikapu vimepangwa mpaka juu. Vijiti na mapovu vilikuwa vinapita mbele ya ngazi, vikipanda kuelekea msituni.

"Safari hii umewahi, somo," Jandira akasema. "Ngoja saa moja, yatageuka."

Wakakaa kwenye ngazi. Kilichobaki cha moto wa jana wa mtu fulani kilikuwa kinatoa moshi ufukweni, na Jandira akautazama, akamgusa kiwiko, na wote wawili wakaangalia magoti yao, wakaacha wazo la kuruka. Zulmira akaweka kibuyu mapajani. Akafungua akanusa. Rehani, priprioka, na ule mti. Akatazama maji. Bado yalikuwa yanapanda.

Akasimama akamwaga.

Majani yalizunguka mara moja, kisha yakaanza kwenda juu, polepole, bila kusita.

"Wewe," Jandira akasema.

Nyumbani mama alikuwa macho. "Umetupa?"

"Nimetupa."

"Kwa wakati wake?"

"Kwa wakati wake, mama."

Bibi akamkamata mkono, akaunusa kiganja muda mrefu, kama anayekagua kitita cha muuzaji mwingine. Akauachia.

"Tangu utotoni hujui kusema uongo," akasema. "Haya. Lete hiyo asai. Unga usiufanyie uchoyo."